Paul Robeson, Mwimbaji Aliyenyang'anywa Pasipoti

Somo hili lilisomwa redioni kwa madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa hapa ili wanafunzi walisome tena polepole baada ya kulisikiliza.

Natumaini mmekwisha kukaa, taa inawaka vizuri, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Akina mama wenye watoto wachanga wakae karibu na mlango, wala wasione haya kutoka mtoto akilia. Watakayoyakosa watayakuta katika karatasi hii.

Leo hatusomi habari za mbolea wala za hesabu ya duka. Leo nitawaeleza maisha ya mtu mmoja wa Marekani, jina lake Paul Robeson. Alikuwa mwimbaji, tena mwigizaji wa michezo ya jukwaani na ya sinema. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kifua kipana, na sauti yake ilikuwa nzito kama ngoma kubwa inayosikika kwa mbali usiku. Labda mtauliza, "Mtu wa Marekani anatuhusu nini sisi?" Ngojeni kidogo. Kabla ya kumaliza somo mtaona kwamba mtu huyu naye alikaa darasani akiwa mtu mzima, kama mlivyokaa ninyi sasa, na mojawapo ya masomo aliyojifunza ni lugha yetu ya Kiswahili.

Kwanza tutazame maneno manne ambayo mwalimu wenu ameyaandika ubaoni.

Mwigizaji ni mtu anayejifanya mtu mwingine mbele ya watazamaji, akasema maneno na kutenda matendo ya yule mwingine.

Jukwaa ni sakafu iliyoinuliwa, ambapo waigizaji na waimbaji husimama ili waonekane na watu wote.

Santuri ni sahani nyeusi iliyotiwa sauti ndani yake, ambayo hupigwa kwa gramafoni.

Pasipoti ni kitabu kidogo kinachotolewa na serikali. Mwenye nacho huruhusiwa kuvuka mpaka na kwenda nchi nyingine. Neno hili la nne mlishike sana, maana ndilo kiini cha habari yetu.

BABA ALIYEKIMBIA UTUMWA

Paul Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey, Marekani. Baba yake aliitwa William Robeson. Mzee huyu alizaliwa mtumwa katika jimbo la North Carolina, upande wa kusini. Huko watu Weusi walilimishwa mashamba ya watu bila mshahara, wakauzwa na kununuliwa kama ng'ombe. Tena sheria ya jimbo hilo ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma na kuandika.

Lifikirini jambo hili, ninyi mlioacha shughuli zenu za jioni mkaja darasani. Kwa nini bwana aogope mtumwa wake akijua kusoma? Ni kwa sababu anayejua kusoma aweza kusoma gazeti akapata habari za mbali. Aweza kuandika barua. Aweza hata kujiandikia cheti cha njiani akaenda zake. Mabwana wale walijua vema kwamba kalamu ni ufunguo, wakaificha.

Mwaka 1860 William, akiwa kijana wa miaka 15, alitoroka akakimbilia kaskazini. Huko akajisomesha mpaka akamaliza chuo kikuu, akawa mchungaji wa kanisa. Mama yake Paul, Maria Louisa, alikuwa mwalimu. Lakini mwaka 1904, Paul akiwa hajatimiza miaka 6, nguo ya mama yake ilishika moto nyumbani, akafa kwa majeraha.

Wakati huo mzee alikuwa amekwisha kuondolewa katika kanisa lake. Akafanya kazi ya kuzoa majivu ya majumbani kwa gari la farasi, na ya kuwachukua abiria, ili watoto wapate kula. Baadaye Paul aliandika kwamba hakumsikia baba yake akilalamika hata siku moja. Jioni mzee alikaa na mwanawe, wakapitia masomo mstari kwa mstari. Msomi huyu aliyekuwa mtumwa hakutaka mwanawe apate alama za kutosha tu. Alitaka afanye yote awezayo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

KIJANA UWANJANI

Mwaka 1915 Paul alifanya mtihani wa jimbo zima, akashinda, akapewa msaada wa ada ya kusoma katika chuo cha Rutgers. Alipofika alikuwa mwanafunzi Mweusi peke yake chuoni.

Paul alitaka kucheza mpira wa Kimarekani. Mpira huo si kama kandanda yetu. Wachezaji huushika mpira kwa mikono, wakakimbia nao, na wenzao huwakumba na kuwaangusha chini. Mara ya kwanza Paul alipokwenda kujaribiwa, wachezaji Wazungu walimvamia, wakamvunja pua, wakamtegua bega. Akalala kitandani siku kadha wa kadha. Moyo ukamwambia aache. Lakini baba yake alikuwa amemfundisha kwamba hayuko pale kwa ajili yake peke yake. Nyuma yake walikuwako vijana wengi Weusi waliotaka kupita mlango ule ule, na akirudi nyuma yeye, mlango utafungwa.

Basi akarudi uwanjani. Safari hii mchezaji mmoja akamkanyaga mkono kwa kiatu chenye meno, akamtoa kucha. Paul akapandwa na hasira, akamkamata mtu mmoja akamwinua juu ya kichwa chake, tayari kumbwaga. Ndipo mwalimu wa mchezo alipopaza sauti kumwambia kwamba amechaguliwa. Katika miaka ya 1917 na 1918 alihesabiwa miongoni mwa wachezaji bora kabisa wa vyuo vya Marekani nzima. Mwaka 1919 alimaliza masomo akiwa katika wanafunzi wa juu kabisa, akachaguliwa kutoa hotuba siku ya kuagana. Baba yake hakuiona siku hiyo, maana alifariki mwaka 1918.

KUTOKA OFISINI MPAKA JUKWAANI

Baada ya hapo Paul alikwenda New York kusoma sheria katika chuo kikuu cha Columbia. Mwaka 1921 alimwoa Eslanda Goode, mwanamke msomi aliyefanya kazi katika maabara ya hospitali. Mwaka 1923 Paul akapata shahada ya sheria, akaingia kazini katika ofisi ya mawakili. Siku moja alimwita mwandishi wa ofisi, mwanamke wa Kizungu, aandike barua. Yule mwanamke akakataa. Alisema hawezi kuandika maneno anayoambiwa na mtu Mweusi. Paul akaona kwamba hata akiwa na shahada kumi, mlango ule hautafunguka. Akaondoka, wala hakurudi tena katika kazi ya sheria.

Lakini alikuwa na mlango mwingine. Alipokuwa akisoma alikuwa akiigiza katika michezo midogo. Mwaka 1924 aliigiza New York katika michezo miwili ya mwandishi Eugene O'Neill, na magazeti yakamsifu. Mwaka 1925 alitokea katika sinema yake ya kwanza, Body and Soul, yaani Mwili na Roho. Aliyeitengeneza alikuwa Oscar Micheaux, mtu Mweusi aliyeandika hadithi zake mwenyewe, akazipiga picha mwenyewe, kisha akazichukua filamu zake mji kwa mji akitafuta wenye majumba ya kuzionyesha. Siku hizo sinema zilikuwa bubu. Basi mtu mwenye sauti kubwa kuliko wote akaingia katika sinema bila kusikika neno lake hata moja!

NYIMBO ZA WATUMWA

Mwezi wa Aprili mwaka huo huo wa 1925, Robeson na mpiga piano Lawrence Brown walifanya jambo lisilo la kawaida. Walipanda jukwaani New York wakaimba nyimbo za watu Weusi tu, tangu mwanzo hata mwisho.

Nyimbo hizi ni zipi? Ni nyimbo walizotunga watumwa mashambani na katika ibada zao. Maneno yake mengi yametoka katika Biblia: habari za Musa, za mto Yordani, za watu wa Israeli walioteswa Misri. Msimamizi wa shamba alipozisikia alidhani ni dini tu. Lakini mtumwa alipoimba habari za Farao, alimjua Farao wake ni nani. Alipoimba habari za kuvuka mto, alifikiri habari za kukimbilia kaskazini. Sisi watu wa pwani na bara tunaijua desturi hii. Katika ngoma na katika taarabu, aliyetajwa hatajwi, lakini kila mtu hujua anayesemwa.

Kabla ya hapo watu wengi, hata baadhi ya Weusi wenyewe, waliziona nyimbo hizo kuwa ni za aibu, za watu wasio na elimu. Robeson aliziimba akiwa amesimama wima, amevaa nguo nzuri, kwa heshima ile ile ambayo waimbaji wakubwa wa Ulaya waliwapa watungaji wao. Alikuwa akiwaambia watu kwamba mali ya babu zao si takataka.

MWANAFUNZI WA KISWAHILI

Mwaka 1928 Robeson alikwenda London, Uingereza, kuigiza katika mchezo wa nyimbo uitwao Show Boat, yaani Meli ya Maonyesho. Humo aliimba Ol' Man River, wimbo wa mchukuzi mizigo kando ya mto Mississippi. Wimbo huo ukamfanya ajulikane dunia nzima kwa njia ya santuri. Baadaye aliyabadilisha maneno yake. Yale ya mtu aliyechoka akayafanya yawe ya mtu anayepigania haki yake.

Akakaa Uingereza miaka mingi. Na huko ndiko alikoanza kujiuliza, "Mimi ni nani? Babu zangu walisema lugha gani kabla ya kuchukuliwa melini?" Akakutana na wanafunzi kutoka Afrika, na mabaharia wa Kiafrika bandarini. Akajuana na Jomo Kenyatta, ambaye siku hizo aliishi London na ambaye mwaka 1963 alikuja kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Kenya.

Katika miaka hiyo ya 1930 Robeson aliingia katika chuo cha lugha cha London, akajifunza lugha za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Alikuwa mtu wa miaka zaidi ya 30, ana mke na mtoto, jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa nje ya majumba ya michezo. Hata hivyo hakuona haya kuanza upya kama mtoto wa shule. Aliandika katika magazeti kwamba lugha za Afrika ni lugha kamili, zenye fikira na uzuri wake, na kwamba mtu Mweusi hana sababu ya kuzionea haya. Wakati ule wasomi wengi wa Ulaya hawakupenda kusikia maneno kama hayo.

Mwaka 1936 mkewe Eslanda, aliyekuwa akisoma elimu ya mila na desturi za watu, alisafiri na mtoto wao mpaka Afrika ya Kusini na Uganda. Akaandika kitabu juu ya safari hiyo, kikatolewa mwaka 1945.

Robeson aliendelea kujifunza lugha maisha yake yote. Aliimba kwa lugha zaidi ya 20. Alisema kwamba nyimbo za wakulima na wafanya kazi wa nchi mbalimbali zinafanana kama ndugu wa tumbo moja.

MKASI WA SINEMA

Sasa nitawaeleza kosa moja alilolijutia. Kwanza lazima mjue jinsi sinema ilivyotengenezwa siku hizo. Mpiga picha alipiga vipande vingi sana. Kisha watu walikaa chumbani na mkasi, wakakata vipande, wakatupa vingine, na kuviunga vilivyobaki. Mwigizaji aliyasema maneno yake, lakini mwenye mkasi ndiye aliyeamua maana ya hadithi.

Mwaka 1935 Robeson aliigiza mtemi wa Kiafrika katika sinema ya Waingereza, Sanders of the River, yaani Sanders wa Mtoni. Alifurahi, maana alidhani itaonyesha utamaduni wa Afrika kwa heshima. Kenyatta mwenyewe alipata kazi ndogo humo, ya kuwa mmoja wa watemi. Lakini sinema ilipokwisha kuungwa, ilionekana kuwa ni ya kumsifu mtawala wa kikoloni, na Waafrika wameonyeshwa kama watoto wasioweza kujitawala. Robeson aliona uchungu sana, akaikana sinema hiyo mbele ya watu.

Hakuishia katika kulaumu tu. Katika sinema ya Song of Freedom ya mwaka 1936, yaani Wimbo wa Uhuru, alidai kwanza haki ya kuikubali au kuikataa sinema baada ya kuungwa. Katika The Proud Valley ya mwaka 1940, yaani Bonde la Fahari, aliigiza mchimba makaa Mweusi anayeishi kama ndugu na wachimba makaa wa Wales. Na mwaka 1942, alipoona kwamba Hollywood haina nafasi kwa mtu Mweusi ila ya mtumishi na ya mjinga, alitangaza kwamba haendi tena huko. Alikataa fedha nyingi. Je, sisi tungeweza?

OTHELLO

Wengi wenu mmesikia jina la Shakespeare, mwandishi wa zamani wa Uingereza, kwa ajili ya tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya mchezo wa Julius Caesar, iliyotolewa mwaka 1963. Shakespeare aliandika pia mchezo uitwao Othello, juu ya jemadari Mweusi anayedanganywa na rafiki wa uongo mpaka anamwua mkewe asiye na kosa. Kwa muda mrefu katika majumba makubwa Othello aliigizwa na Wazungu waliojipaka rangi usoni.

Robeson alimwigiza Othello London mwaka 1930. Kisha tarehe 19 Oktoba 1943 akamwigiza katika mtaa wa Broadway, New York, kati ya waigizaji Wazungu. Watu waliogopa kwamba kutatokea ghasia. Badala yake watazamaji walisimama wakapiga makofi kwa muda mrefu. Mchezo ulionyeshwa mara 296, na hakuna mchezo wa Shakespeare uliopata kudumu hivyo katika Broadway.

KITABU KIDOGO CHA SERIKALI

Sasa tumefika penye neno la nne ubaoni.

Robeson hakuwa mtu wa kuimba tu akaenda kulala. Aliongoza chama kilichotetea uhuru wa nchi za Afrika. Mwaka 1946 alikwenda kwa Rais Truman kumtaka azuie mauaji ya watu Weusi waliokuwa wakinyongwa na magenge ya Wazungu. Alizuru Urusi mara nyingi, akaisifu, kwa sababu alisema huko alitendewa kama binadamu. Hapa lazima niseme kweli pande zote mbili. Serikali ya Stalin katika Urusi iliua na kufunga watu wengi wasio na hatia, na Robeson hakuilaumu hadharani. Wengi wanaompenda wanalihesabu jambo hili kuwa upungufu wake mkubwa, nami sitaki kuwaficha.

Baada ya vita vya 1939 mpaka 1945, Marekani na Urusi zikawa maadui. Mwaka 1949, karibu na mji wa Peekskill katika jimbo la New York, genge la watu lilizuia Robeson asiimbe. Siku chache baadaye, tarehe 4 Septemba, akaimba mbele ya maelfu ya watu, wafanya kazi wakiwa wamemzunguka kumlinda. Watu walipokuwa wakirudi makwao, magari yao yalipigwa mawe, na zaidi ya 100 wakaumizwa.

Mwaka 1950 serikali ilimnyang'anya pasipoti yake. Hakufanya kosa lolote mahakamani, wala hakufungwa gerezani. Lakini hakuweza kwenda kuimba nchi za nje, na ndani ya Marekani majumba ya muziki yalimfungia milango. Santuri zake ziliondolewa madukani. Mapato yake yakaanguka yakawa kidogo sana. Katika maandiko yao ya mahakamani, mawakili wa serikali walitaja sababu mojawapo: kwamba mtu huyu kwa miaka mingi amejishughulisha mno na uhuru wa watu wa Afrika. Mmesikia? Uhuru wetu ndio uliokuwa shitaka lake.

Aliambiwa kwamba atarudishiwa pasipoti akitia sahihi karatasi ya kuapa kwamba yeye si mkomunisti. Akakataa. Alisema serikali haina haki ya kumwuliza mtu anafikiri nini kabla ya kumruhusu kusafiri. Tarehe 12 Juni 1956 aliitwa mbele ya kamati ya wabunge. Mmoja akamwuliza kwa nini asihamie Urusi. Robeson akamjibu kwamba baba yake alikuwa mtumwa na watu wake walikufa wakiijenga Marekani, kwa hiyo atakaa hapo hapo na kuwa na sehemu yake kama mtu mwingine yeyote.

SAUTI NDANI YA WAYA

Je, mtu aliyefungiwa mpaka aweza kuimba ng'ambo? Mwaka 1952 Robeson alikwenda mpakani mwa Marekani na Kanada, akasimama juu ya gari la mizigo upande wa Marekani, akaimba. Maelfu ya watu walikaa kwenye majani wakamsikiliza, wengi wao wakiwa upande wa Kanada. Miguu yake haikuvuka, lakini sauti haiombi ruhusa ya askari wa mpaka.

Kisha ikaja njia nyingine. Mwaka 1956 ilifunguliwa simu mpya kati ya Ulaya na Amerika. Nyaya mbili zililazwa chini ya bahari kati ya Scotland na Newfoundland huko Kanada, mmoja kwa sauti za kwenda, mmoja kwa sauti za kurudi. Kila baada ya mwendo fulani iliwekwa mashine ndogo ya kuipa sauti nguvu mpya, kama wachukuzi wanaopokezana mzigo njiani. Mwezi wa Mei 1957, watu wapatao 1,000 walikusanyika katika jumba moja la London mbele ya jukwaa tupu. Robeson alikaa New York na simu, akaimba. Sauti yake ikapita chini ya bahari, ikatokea katika vipaza sauti vya London. Mwezi wa Oktoba mwaka huo akawaimbia wachimba makaa wa Wales kwa njia hiyo hiyo, nao kwaya zao zikamwimbia.

Ninyi mnaonisikiliza usiku huu kwa redio mnaelewa jambo hili kuliko watu wengine. Mimi siko hapo chumbani mwenu, lakini tuko pamoja.

Mwezi wa Juni 1958 Mahakama Kuu ya Marekani ilihukumu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, katika kesi ya msanii mwingine, Rockwell Kent, kwamba waziri hana uwezo wa kumnyima mtu pasipoti kwa sababu ya fikira zake. Robeson akarudishiwa yake. Miaka 8 ilikuwa imepita.

MWISHO WA SAFARI

Akasafiri tena. Mwaka 1959 alimwigiza Othello mara ya mwisho huko Stratford, mji aliozaliwa Shakespeare. Mwezi wa Novemba 1960, huko Sydney, Australia, aliwaimbia mafundi waliokuwa wakijenga jumba kubwa la muziki lisilokwisha bado. Mafundi walikaa juu ya vyuma na mbao, kofia za kazi kichwani, wakamsikiliza. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1973, lakini mafundi hao walikuwa wamekwisha kupata wimbo wao.

Mwaka 1961 aliugua ugonjwa wa huzuni nzito, akatibiwa miaka kadhaa. Mwaka 1963 akarudi kwao. Eslanda alifariki mwaka 1965, na Robeson akaishi kimya katika mji wa Philadelphia, nyumbani kwa dada yake. Alifariki tarehe 23 Januari 1976, akiwa na miaka 77. Mwaka 1995, miaka 19 baada ya kufa kwake, jina lake liliingizwa katika orodha ya heshima ya wachezaji wa mpira wa vyuo vya Marekani. Na mwaka 2004 serikali ya Marekani ilitoa stempu yenye picha yake. Picha ya mtu aliyekatazwa kusafiri ikabandikwa juu ya barua, ikapelekwa kila mahali.

Ndugu wanafunzi, tumejifunza nini? Siwaambii kwamba Robeson hakukosea, nimewaonyesha alipokosea. Lakini angalieni jambo moja. Baba yake alinyimwa kusoma, akasoma. Mwana alinyimwa kusafiri, sauti yake ikasafiri. Wote wawili walipoambiwa "hapa hupiti," walitafuta pa kupita, wala hawakuwasahau wanaokuja nyuma.

MASWALI

Zungumzeni majibu darasani kwanza, kisha kila mtu aandike mwenyewe.

1. Kwa nini mabwana wa watumwa walikataza watumwa kufundishwa kusoma?

2. Robeson alipoumizwa uwanjani, ni neno gani lililomrudisha?

3. Eleza kwa maneno yako kwa nini mwenye mkasi alikuwa na nguvu kuliko mwigizaji katika sinema.

4. Taja njia mbili ambazo Robeson alizitumia kuimbia watu wa nje alipokuwa hana pasipoti.

5. Je, Robeson angetia sahihi ile karatasi, angepata nini na angepoteza nini? Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Swali hili halina jibu moja. Msikilizane, wala mzee asimkate kijana maneno.

Kazi ya nyumbani: ulizeni mzee mmoja wa kwenu awaimbie wimbo wa zamani wa kazi, wa kulima, wa kutwanga au wa kuvuta ngalawa. Andikeni maneno yake machache katika daftari, na maana yake chini. Wimbo usioandikwa hufa na mwenyewe, na sasa ninyi mnajua kuandika.

Kwaherini, ndugu zangu. Mfunge mlango vizuri mtokapo, na taa izimwe. Tukutane juma lijalo, saa hii hii.